Nani Kashinda Hapa?

Kuna swali ambalo "The Winner Takes It All" wa ABBA unalikwepa kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na cha ajabu ni kwamba wasikilizaji nao wamelikwepa kwa zaidi ya miaka arobaini. Mshindi amebeba vyote, sawa. Aliyeshindwa tunamjua, ni huyo mwanamke anayeimba. Lakini mshindi ni nani? Na hivyo "vyote" alivyoondoka navyo ni nini hasa?

Najua utaniambia nisijiumize kichwa, huu ni muziki wa pop tu, watu walitaka pesa na walizipata. Ngoja kwanza. Huu ni wimbo ambao watu huuimba wakiwa wameumia. Redio zetu za mjini bado huucheza, kwenye karaoke hakosekani mtu mmoja anayeamini ataweza zile sauti za juu, na wengi wa rika langu tuliupata kupitia filamu ya Mamma Mia! ya mwaka 2008. Mtu akiachwa kwa mataa, wimbo huu humfundisha namna ya kuachwa: asimame vipi, aseme nini, asiseme nini. Wimbo unaofanya kazi kama hiyo unastahili kuulizwa maswali.

Tuanze na hadithi ya nyuma ya pazia, kwa sababu huwezi kuupita mlango wa wimbo huu bila mtu kukusimulia.

ABBA walikuwa watu wanne na mapenzi mawili. Agnetha Fältskog na Björn Ulvaeus walioana mwaka 1971. Benny Andersson na Anni-Frid Lyngstad, yaani Frida, waliishi pamoja miaka kadhaa kabla ya kuoana mwaka 1978. Jina la kundi ni herufi za kwanza za majina yao, na tangu waliposhinda Eurovision kule Brighton mwaka 1974 na wimbo "Waterloo", mapenzi yao yalikuwa sehemu ya kile walichouza. Ulinunua nyimbo, ukapewa na picha ya wanandoa wanaocheka.

Januari 1979 ikatangazwa kwamba Agnetha na Björn wameachana. Walikuwa na watoto wawili wadogo. Ungedhani kundi lingevunjika siku hiyo hiyo, lakini wapi. Mwaka huo huo walizunguka Amerika Kaskazini na Ulaya wakisimama jukwaa moja kila usiku, kisha wakarudi studio yao ya Polar mjini Stockholm kutengeneza albamu nyingine. Huko ndiko Benny na Björn walikokuwa na wimbo mmoja uliowashinda. Ulikuwa na jina la muda, "The Story of My Life", na mdundo wake ulikuwa mgumu kama mbao. Wakauvunja, wakaujenga upya juu ya piano inayoshuka ngazi moja moja. Maneno bado hayakuwepo, kwa hiyo Björn akaimba Kifaransa cha kubuni, kisichokuwa na maana yoyote, ili tu kushika hisia. Halafu, kwa maelezo yake mwenyewe, akakaa usiku mmoja na chupa ya pombe, na maneno yakamtoka kwa takriban saa moja.

Maneno hayo akampa Agnetha ayaimbe. Alikuwa na miaka 30. Talaka yao ilikamilika mwaka huo huo, 1980. Wimbo ulitoka Julai, Agosti ukawa namba moja Uingereza kwa wiki mbili, na baadaye ukafika namba nane Marekani.

Sasa hapo ndipo watu hugawanyika. Kuna wanaosema ni ukatili: mwanamume anamwandikia aliyekuwa mke wake wimbo wa kukiri kwamba ameshindwa, kisha anaketi upande wa pili wa kioo kama mtayarishaji na kusikiliza kama ameukiri vizuri. Ulvaeus mwenyewe amejibu mara nyingi kwamba wimbo ni hadithi ya kubuni, kwamba hisia zilikuwa za kweli lakini matukio sivyo, na kwamba katika talaka yao hakukuwa na mshindi. Agnetha naye amesema hakuudhika. Amesema alifurahi kupata wimbo ambao angeweza kumwagia hisia zake zote.

Mimi namwamini Ulvaeus, tena kabisa. Alishaandika "Knowing Me, Knowing You", wimbo mwingine wa nyumba inayobaki tupu, na huo ulitoka kabla ya wapenzi wowote kati ya wale wanne kutengana. Jamaa alijua kutunga. Lakini kutunga hakumwondolei mtu lawama, kunamwongezea. Ukisimulia jambo lililotokea, unafungwa na jinsi lilivyotokea. Ukitunga, wewe ndiwe unayepanga viti, na unaamua nani aketi wapi. Kwa hiyo hebu tuangalie viti.

Mwanamke ana kiti kimoja tu. Ni mshindwa. Amecheza karata zake zote, zimekwisha. Alidhani amejenga boma, kumbe alikuwa mjinga aliyefuata sheria za mchezo. Ni mtazamaji wa maisha yake mwenyewe, na anajua kwamba watu wa aina yake hukaa chini na kunyamaza.

Mwanamume, huyu anayeambiwa, ana viti vingapi? Hesabu nami. Kwanza anaonekana kama mshindi, kwa sababu mwishoni ndiye anayekuja kumpa mwanamke mkono, kama timu mbili zinavyosalimiana baada ya mechi. Lakini ubeti wa tatu unaharibu hesabu hiyo. Hapo mwanamke anauliza kuhusu yule mwingine, mpenzi mpya, anavyombusu na anavyomwita jina. Ghafla kuna wachezaji wawili wanawake uwanjani, na ikiwa mmoja ameshindwa, basi aliyeshinda ni mwenzake. Mwanamume ni nini sasa? Ni kombe. Yeye ndiye "vyote". Rudi kwenye ule mkono wa kwaheri: anakuja ametulia, hana jasho, anamsalimia aliyeshindwa. Mchezaji gani anatulia hivyo? Huyo ni mgeni wa heshima, aliyekuja kutoa medali.

Mshindi, kombe, mgeni wa heshima. Viti vitatu, na vyote salama. Kiti ambacho hajawekewa ni kile cha mtu aliyefanya jambo. Sheria za mchezo hazikutungwa na yeye. Uamuzi ni wa mahakimu. Miungu ndiyo inayorusha dadu. Ndoa imevunjika na hakuna aliyeivunja.

Ukitaka kuona vizuri jinsi mtego huu unavyofanya kazi, jaribu kuusimulia wimbo kwa Kiswahili. Utakwama mapema, na kitakachokukwamisha ni kitenzi kimoja: kuacha. Sisi tuna acha, tuna achwa, tuna achana. Haya ni mambo matatu tofauti, na ukifungua mdomo lazima uchague. "Wameachana" ndivyo kundi lilivyotangaza mwaka 1979, na ndivyo Ulvaeus anavyosema hadi leo: hakuna mshindi, tuliachana. "Nimeachwa" ndivyo mwanamke ndani ya wimbo anavyohisi. Lakini kuachwa kunadai mwenyewe. Ameachwa na nani? Mahali fulani lazima awepo mtu wa kusema "nilimwacha", na katika wimbo wote hayupo. Kiingereza cha Ulvaeus kinampa pa kujificha: karata, dadu, mahakimu, mchezo. Kiswahili kingemtaja.

Sisemi haya kukisifu Kiswahili. Hiki hiki ndicho kinachosema mwanamume huoa na mwanamke huolewa, mwanamume huacha na mwanamke huachwa, kana kwamba mwanamke hakuwahi kushika mkoba wake na kuondoka. Lugha yetu ina upendeleo wake, tena mkubwa. Ila upendeleo wake uko wazi, unauona kwenye kitenzi. Ule wa wimbo umevaa nguo za bahati.

Na sisi Wakenya, kusema ukweli, tuna sikio letu maalumu kwa wimbo huu, kwa sababu jina lake limekuwa msemo wetu wa siasa. Ripoti ya BBI ya mwaka 2019 ilizilaumu siasa za mshindi kubeba vyote kwa ghasia zinazotuandama kila uchaguzi. BBI yenyewe ilitokana na ile siku ya Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Handisheki! Sasa rudi kwenye ubeti wa mwisho wa ABBA, mwanamume anapokuja kunyoosha mkono. Mkenya hawezi kusikia hapo bila kutabasamu kidogo. Sisi tunajua maswali ya kuuliza mkono unaponyooshwa. Ni wa nani? Kwa nini leo? Na nani atatulia baada yake?

Tunayo pia methali ya kazi hiyo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Umeisikia kila mwaka wa uchaguzi na kila wikendi ya mpira. Lakini sikiliza ni nani anayeisema. Mara nyingi huisema aliyeshinda, au shabiki wake, na humwambia aliyeshindwa ili anyamaze. Ni methali nzuri kwa mchezo, kwa sababu mchezo utarudiwa msimu ujao. Ndoa haina msimu ujao. Kumwambia mtu aliyevunjikiwa na nyumba akubali kushindwa kama mwanamichezo ni kumnyima haki ya kusema kwamba huu haukuwa mchezo. Na hicho ndicho maneno ya wimbo yanamfanyia mwanamke huyu. Yanamfanya ajisomee methali hiyo mwenyewe, mwisho wa kila ubeti.

Hapa ningeweza kuumaliza wimbo na kuutupa. Lakini bado sijasema lolote kuhusu sauti, na wimbo hauishi kwenye karatasi.

Pwani ya kwetu wamelifikiria jambo hili zamani. Katika taarabu, mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili, na kila msikilizaji anajua. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita, na hakuna aliyesema kwamba Bhalo anasoma barua ya mtu mwingine. Shairi likishatoka kooni mwake lilikuwa na maisha mapya. Waliokuwa ukumbini walijiuliza limeimbiwa nani, linamchoma nani, na mara nyingine jibu halikuwa lile alilokusudia mtunzi. Mtu anayekwenda kumtuza mwimbaji anatuza ile namna neno fulani lilivyovutwa, lilivyopindwa, lilivyoachwa hewani. Anatuza kwa sababu limemsemea yeye.

Ukiusikiliza "The Winner Takes It All" kwa sikio hilo, mambo yanageuka. Agnetha hakuwa kasuku wa mtu. Kabla ya kumjua Ulvaeus alishakuwa mtunzi: mwanzoni mwa 1968, akiwa na miaka 17, wimbo aliotunga mwenyewe, "Jag var så kär", uliongoza chati kwao Sweden. Ndani ya ABBA kipaji hicho kilibanwa. Kwenye albamu yao ya kwanza, Ring Ring ya 1973, kuna wimbo mmoja wenye muziki wake, "Disillusion", nao ni wimbo wa moyo uliovunjika. Maneno aliyaandika nani? Björn. Ziara ya 1979, ndoa ikiwa imeshavunjika, aliimba jukwaani wimbo mwingine wenye muziki wake, "I'm Still Alive". Maneno, tena, Björn. Kwa hiyo mwaka 1980 alipopewa karatasi ile, alikuwa na uzoefu wa miaka saba wa kuweka uchungu wake ndani ya maneno ya mtu huyo huyo. Alijua pa kupenya.

Sikiliza anavyoanza. Hakuna kulia. Sauti iko chini, karibu kavu, kama mtu anayejibu maswali kwenye dawati la ofisi. Maneno ni mafupi, Kiingereza cha mtu ambaye Kiingereza si lugha yake, na hilo linamsaidia. Sisi tunaotumia Kiingereza kwa shule na kazi tunakijua Kiingereza hicho: ukiumia sana, hutafuti msamiati, unashika maneno uliyo na uhakika nayo. Anayatamka moja moja, kwa uangalifu, kila herufi mahali pake. Wanaoucheka wimbo huu kwamba vina vyake ni vya mtoto wa darasa la saba wanasahau kwamba mtu anayejizuia kulia huongea hivyo hivyo.

Muziki nao haumpi pa kutorokea. Nyimbo nyingi za pop zina daraja, sehemu moja katikati inayokupeleka kwingine ukapumua kabla ya kurudi. Huu hauna. Una vipande viwili vya muziki vinavyopokezana kwa karibu dakika tano, na chini yake ile piano inashuka, inarudi juu, inashuka tena. Kitu pekee kinachobadilika ni yeye. Kila duru inaongeza watu nyuma yake, ngoma, sauti za waitikiaji, na kila duru anapanda zaidi. Kufika ubeti wa tatu, ule wa mpenzi mpya, sauti imeacha uangalifu. Kwenye karatasi maswali yale ni ya kinyonge. Kinywani mwake yana meno. Anauliza kama mtu anayejua kwamba anayeulizwa hawezi kujibu, na kwa kweli hawezi, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika maswali na hakujiandikia majibu.

Hilo ndilo Ulvaeus hakulihesabu alipopanga viti. Alijipa viti vyote salama, akasahau kwamba kila kimoja ni kiti cha kusikiliza. Mwanamke anaanza kwa kusema hataki kuongea, kisha anaongea mpaka wimbo unaisha. Kama huyu ni mtu aliyekubali kukaa chini na kunyamaza, basi mimi sijui kunyamaza ni nini.

Halafu kuna ule msamaha. Ubeti wa mwisho ala zinapungua, karibu abaki peke yake, na mwanamke anaomba radhi. Anamwomba radhi mwanamume kwa kumfanya ajisikie vibaya, kwa kuonekana amekakamaa na hana imani na nafsi yake. Rafiki zangu wa kike wakifika hapo hupandwa na hasira. Mmoja huuzima kabisa. "Yaani ameachwa, na bado anaomba msamaha?" Naielewa hasira hiyo. Ni mstari uliotoka kwenye kalamu ya mwanamume, na unasikika kama kile ambacho kila mwanamume aliyeondoka angependa kusikia akiwa mlangoni: usijali, kosa ni langu kwa kusikitika mbele yako.

Lakini mimi humwambia asizime. Asikilize sekunde chache zaidi. Msamaha unaimbwa kwa upole kabisa, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi ya kutosha, sauti inapanda kurudi kwenye lile neno la mshindi, na safari hii inapanda kuliko mahali popote kwenye wimbo. Umewahi kumsikia mama mzazi akimwambia mtu "haya, samahani baba, mimi ndiye mbaya"? Basi unajua msamaha wa aina hiyo. Nani hapo amesamehewa? Ni heshima kamili, na ndani yake kuna kofi. Karatasi inaomba radhi. Sauti inamuuliza: una hakika unataka nikuombe radhi?

Hii ndiyo sababu siwezi kuuacha wimbo huu japo namshuku aliyeuandika. Ni nadra kusikia kwa uwazi namna hii mtu akipewa maneno ya kumdogosha, akayaimba yote bila kubadilisha hata moja, na bado asitoke amedogoshwa.

Na ni kwa sababu hiyo hiyo ule uimbaji wa Meryl Streep, ambao wengi tulianza nao, huniacha baridi. Streep anaigiza vizuri, hilo silipingi. Anapanda ngazi za kilima cha kisiwa cha Ugiriki, kitambaa kinapepea, anamwimbia Pierce Brosnan usoni. Lakini filamu imeharibu hesabu ya wimbo. Brosnan yupo pale, anasikiliza, anaumia, na kabla ya filamu kuisha wanaoana. Ikabainika kwamba kumbe alishamwacha yule mchumba wake wa kwanza na kurudi, ila hawakukutana. Kwa maneno mengine, hakuna aliyeshindwa, ilikuwa ni kutoelewana tu. Wimbo wa mtu asiyejibiwa ukageuzwa kuwa mazungumzo yaliyochelewa. Ni burudani safi, lakini uchungu umetolewa mwiba.

Jambo linalonikera zaidi ya filamu ni London. Tangu Mei 27, 2022, kuna ukumbi huko uliojengwa maalumu kwa ABBA Voyage, watu wapatao 3,000 kwa onyesho, bendi ya watu 10 ikipiga mubashara, na ABBA wenyewe ni picha za kidijitali. Wazee wanne walivaa nguo za vihisio kwa wiki tano, wakaimba na kucheza mbele ya kamera, na kompyuta ikawavisha miili waliyokuwa nayo mwaka 1979. Onyesho linafungwa na "The Winner Takes It All".

Fikiria mwaka waliouchagua. Kati ya miaka yote ambayo wangeweza kumrudisha Agnetha, wamemrudisha kwenye ule ambao dunia iliambiwa ndoa yake imekwisha. Usiku baada ya usiku, mwanamke wa mwanga wa umri ule anasimama na kuomba radhi, watu wanapiga makofi, wanatoka kwenda kununua fulana. Yeye mwenyewe alikubali, amelipwa, na alisimama mbele ya kamera zile kwa hiari. Simwonei huruma ya bure. Ila uhai wote wa wimbo ule ulikuwa katika hatari yake: kwamba huyu ni mtu, leo, na hujui kama ataumaliza. Picha ya kompyuta itaumaliza. Haina namna ya kutoumaliza.

Kwa hiyo ukiniuliza nani kashinda, jibu langu halitoki kwenye maneno. Kwenye maneno mshindi hayupo, na amefichwa makusudi, kwa sababu angeonekana ingebidi aulizwe alifanya nini. Jibu liko kwenye ile rekodi ya 1980, na humo sisikii mshindi wala mshindwa. Nasikia mwanamke wa miaka 30 akifanya kazi yake vizuri mno mbele ya mtu aliyemwandikia kazi hiyo, na mtu huyo akilazimika kuisikiliza mpaka mwisho, kisha kuisikia tena kila mahali anapokwenda, maisha yake yote.

Vaa spika za masikioni. Ruka filamu, ruka karaoke. Nenda moja kwa moja kwenye ubeti wa mwisho, pale ala zinapopungua. Sikiliza msamaha ule, na usikilize kinachofuata mara moja baada yake. Halafu uniambie kama huyo anayeimba amekubali kushindwa.